Bafu Safi, Bafu Zuri: Tuanzie Maji Yanakokwenda

Ukiingia katika nyumba nyingi za hapa Gesima utapokewa vizuri. Makochi yamefunikwa vitambaa vya kufumwa kwa mkono, picha za familia zimepangwa ukutani, na sakafu imepigwa deki. Chai inaletwa bila kuulizwa. Lakini mgeni huyo huyo akiomba maji ya kuoga, hapo ndipo mwenye nyumba huanza kuona haya. Mgeni anapewa ndoo na kuonyeshwa njia ya nyuma, kwenye mabati makuukuu yaliyoshikiliwa na miti minne, au gunia lililotundikwa kando ya migomba. Ndani kuna jiwe moja la kusimamia, na kulizunguka jiwe hilo ni matope.

Nyumba nyingine ni za matofali, na fundi aliweka chumba cha bafu ndani tangu mwanzo. Hebu ukifungue chumba hicho. Mara nyingi utakuta magunia ya mahindi, jembe, na baiskeli iliyoharibika. Bafu limegeuka stoo, kwa sababu hakuna aliyepanga maji yatoke wapi na yaende wapi.

Katika toleo hili tunataka tuzungumze juu ya bafu la nyumbani na jinsi ya kulikarabati kwa nguvu ya kikundi. Tutasema habari za usafi na usalama, na tutasema pia habari za urembo. Wako watakaouliza, urembo wa bafu si mambo ya matajiri wa Nairobi? Sisi twasema hapana. Chumba kinachopendeza hutunzwa, na chumba kinachotunzwa hutumiwa na kila mtu. Ila urembo una mahali pake katika kazi hii. Huja baada ya maji kupata njia. Ukipaka rangi juu ya ukuta unaonyonya maji, umepoteza rangi na pesa zako.

KWA NINI BAFU NI JAMBO KUBWA

Fikirini ni nani anayeumia kwa sababu ya bafu baya.

Wa kwanza ni mzee. Nyanya wa miaka sabini na zaidi akiteleza kwenye jiwe lenye sabuni, anaweza kuvunjika nyonga. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo, wengi hawarudi kutembea kama zamani, na wengine hawainuki tena kitandani. Familia huuza ng'ombe kwa ajili ya hospitali, kumbe shida ilikuwa sakafu ya hatua mbili tu.

Wa pili ni mama na msichana. Bafu lisilo na mlango wala paa humfanya angoje giza ndipo aoge. Huku kwetu milimani usiku ni baridi, na giza lina hatari zake. Msichana aliye katika siku zake za mwezi anahitaji kujisafisha mchana, zaidi ya mara moja, bila kuchunguliwa na mtu.

Wa tatu ni jirani. Mashamba yetu ya Gusii ni madogo na yameteremka. Maji ya kuoga ya nyumba ya juu huingia kwa nyumba ya chini, na huko ndiko ugomvi wa mipaka unakoanzia, au maji hayo hufika kwenye chemchemi ambayo kijiji kizima huchota.

Na wa nne ni nyumba yenyewe. Hebu tupige hesabu. Familia ya watu sita, kila mtu akitumia lita 15 kwa siku, inamwaga lita 90. Kwa mwaka ni lita 32,850, yaani zaidi ya jerikeni 1,600 za lita ishirini. Kama maji hayo yote yanamwagika karibu na msingi wa nyumba, msishangae ukuta ukipasuka.

Tukumbuke pia kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na ya usafi wa mazingira wa kiwango cha kuridhisha. Haki hiyo imeandikwa. Lakini sakafu haijimwagi yenyewe, ni lazima mikono ishike mwiko.

MAHALI PA KULIWEKA

Katika desturi ya Abagusii iko adabu iitwayo chinsoni. Baba na mwanawe aliyekwisha tahiriwa, baba mkwe na mke wa mwanawe, mama mkwe na mkwewe wa kiume, kila mmoja ana mpaka wake wa heshima. Kuonana bila nguo ni mwiko mkubwa. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba, familia ikae chini na kuulizana: ni nani watatumia bafu hili? Njia ya kuliendea inapita mbele ya mlango wa nani? Mlango wake unatazama wapi?

Tumeona mabafu mazuri yaliyokataliwa na wazee kwa sababu mlango wake unatazamana na jiko la mke wa mwana. Pesa zililiwa na simiti, na mzee bado anaoga kwa beseni nyumbani kwake. Kuligeuza bafu upande mwingine kabla ya kujenga hakugharimu chochote. Baada ya kujenga, kunagharimu bafu zima.

Kama bafu liko ndani ya nyumba, kazi ni rahisi zaidi, lakini swali ni lile lile. Bafu linalofunguka moja kwa moja sebuleni huwatia wageni na wakwe katika shida. Ukuta mfupi wa kukinga, au pazia zito la kitambaa, huondoa shida hiyo.

KWANZA, MAJI YANAKOKWENDA

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hununua vigae na kioo kwanza, kisha shimo la maji husahaulika. Nyinyi anzeni na shimo.

Shimo la kufyonzea maji huchimbwa upande wa chini wa nyumba, mita 3 au zaidi kutoka kwenye msingi, na mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima au chemchemi. Lisiwe mpakani kabisa mwa shamba la jirani. Kwa familia ya watu sita, shimo la upana wa mita 1 na kina cha mita 1.5 linatosha mahali ambapo udongo unafyonza vizuri.

Je, mtajuaje kama udongo unafyonza? Chimbeni kishimo cha kina cha sentimita 30 chini ya shimo lile. Kijazeni maji, myaache yaishe, kisha mjaze tena. Yakishuka upesi mara ya pili, mahali hapo panafaa. Yakiwa bado yamesimama kesho yake asubuhi, tafuteni mahali pengine. Udongo wetu mwekundu wa juu mlimani kwa kawaida hufyonza vizuri. Ule mweusi wa bondeni hushikilia maji.

Jazeni shimo kwa mawe, makubwa chini na madogo juu, hadi kubaki sentimita 30. Tandikeni karatasi ya nailoni nzito juu ya mawe, halafu rudisheni udongo na mpande nyasi. Maji hutoka bafuni kwa paipu ya plastiki iliyolazwa kwa mteremko. Kwenye tundu la sakafu wekeni kipande cha wavu mdogo cha kuzuia nywele na vipande vya sabuni. Kisafishwe kila wiki, la sivyo paipu itaziba.

Nyumba yenye migomba inaweza kuyapeleka maji hayo kwenye mfereji wa mawe kando ya migomba badala ya shimo. Mgomba hunywa maji ya sabuni ya kawaida bila shida. Lakini msiyamwagie mboga zinazoliwa mbichi, na maji yenye dawa kali ya kung'arisha nguo yasipelekwe shambani.

Jambo moja zaidi: msielekeze maji ya bafu kwenye shimo la choo. Choo hujaa upesi na kuta zake hulainika. Wakati wa masika choo cha namna hiyo chaweza kutitia.

SAKAFU ISIYOTELEZA

Chumba cha mita 1.5 kwa mita 1.8 chamtosha mtu mzima kuoga, pamoja na mtu wa kumsaidia kama ni mgonjwa. Sakafu yake hufanywa hivi:

Ondoeni udongo laini wa juu. Pangeni mawe na kokoto kubwa, unene wa sentimita 15, mshindilie sawasawa. Tandikeni karatasi ya nailoni. Mwageni zege la simiti kipimo 1, mchanga 2 na kokoto 4, unene wa sentimita 7 hadi 8. Likishika, pigeni tabaka la juu la simiti 1 kwa mchanga 3, unene wa sentimita 2. Kazi hiyo yote huchukua karibu mifuko miwili ya simiti ya kilo 50.

Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita moja kuelekea tundu la maji. Msikadirie kwa macho, tumieni pimamaji. Kabla tabaka la juu halijakauka, mwageni kikombe cha maji pembe ya mbali na mtazame. Yakisimama njiani, mwambieni fundi arekebishe hapo hapo.

Sasa jambo la niru. Mafundi wetu hupenda kumalizia sakafu kwa niru, ile simiti tupu inayosuguliwa kwa mwiko wa chuma hadi iwe laini kama sahani. Sebuleni niru ni nzuri. Bafuni, niru pamoja na sabuni ni mtego. Mwambieni fundi amalizie kwa kibao cha mbao, au apitishe ufagio taratibu ili kubaki mistari midogo. Niru yenu ipelekeni ukutani, ambako maji yanatakiwa yateremke upesi.

Zege lisiachwe likauke kwa jua. Lifunikeni kwa magunia mabichi au majani ya mgomba, mlinyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Fundi akikwambia kesho yake unaweza kuoga, mshukuru, kisha ungoje wiki.

KUTA, DIRISHA NA MLANGO

Kama ukuta ni wa matofali ya kuchoma, pigeni plasta ya simiti 1 kwa mchanga 4 hadi urefu wa mita 1.5 kutoka chini. Kwa chumba cha ukubwa tuliousema, mfuko mmoja na nusu watosha. Kama ukuta ni wa udongo, plasta ikipakwa hivi hivi hubanduka. Pigilieni kwanza wavu wa kuku kwa misumari ndipo mpake. Safu mbili za mawe au matofali chini kabisa hulinda ukuta wa udongo usiliwe na maji.

Dirisha liwe juu kupita kichwa cha mtu anayepita nje. Lilete mwanga na hewa, lisilete macho. Chumba kisicho na hewa huota ukungu, na ukungu hula plasta. Kipande cha bati cha plastiki kinachopitisha mwanga, kikiwekwa mahali pa bati moja la paa, huleta mwanga wa mchana kutwa bila stima.

Mlango ufunguke kwa nje. Tunasema hivi kwa sababu mtu akianguka ndani akaulalia mlango unaofunguka kwa ndani, hamtaweza kumfikia upesi. Komeo liwe upande wa ndani, la namna ambayo watu wa nje wanaweza kulisukuma kwa nguvu siku ya hatari. Upana wa mlango uwe sentimita 80 au 90, ili kiti cha magurudumu au mtu aliyeshikiliwa na wawili aweze kupita.

WAZEE, WAGONJWA NA WATOTO

Wekeni paipu ya chuma ukutani, urefu wa sentimita 80 hadi 90 kutoka sakafuni, ya kushikia. Ishikiliwe kwa boliti au izamishwe katika simiti, siyo kwa misumari. Taulo ina misumari yake, mtu ana paipu yake. Kando ya paipu hiyo jengeni benchi dogo la matofali la kukalia, lenye mteremko kidogo ili maji yasituame juu yake. Nyanya ataoga ameketi, na kina mama watapata mahali pa kumwogeshea mtoto.

Mkichanganya maji ya moto bafuni, tieni maji ya baridi kwanza kwenye beseni, halafu ya moto. Mtoto akitangulia kutia mkono hataungua. Na jambo hili tunalisema kwa uzito: msiingize jiko la makaa bafuni kupasha chumba joto huku mlango na dirisha vimefungwa. Moshi wa makaa usioonekana huua mtu akiwa anaoga, bila kumpa nafasi ya kupiga kelele. Wenye stima wanaotaka kifaa cha kupasha maji, wamwite fundi wa stima mwenye leseni, na waya wa ardhini uwepo. Maji na stima havina msamaha.

MAJI YA KUOGEA

Bafu zuri lisilo na maji litarudi kuwa stoo. Bahati yetu ni mvua. Nyanda hizi za juu za Kisii na Nyamira kwa kawaida hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na nyingi hupotea kwa kuteremka bondeni. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 6 likipata mvua ya milimita 10, hilo ni kama lita 600. Tuseme kiasi kinapotea njiani, bado mtapata karibu lita 480. Kwa familia ile ya watu sita, ni maji ya kuoga ya siku tano kutoka mvua ya jioni moja.

Anzeni na mifereji ya paa, ile mafundi huita gata, na pipa moja. Tangi litakuja baadaye. Pipa lifunikwe vizuri, na mdomo wake uwe na wavu mdogo. Mbu wa malaria hupenda kutaga katika maji safi yaliyotulia, na wazee wetu wanakumbuka milipuko ya malaria iliyozipiga nyanda hizi katika miaka ya 1990.

SASA UREMBO

Maji yana njia, sakafu haitelezi, mlango unafunga. Sasa tunaweza kuzungumza juu ya kupendeza.

Tujifunze kidogo kutoka pwani. Mjini Lamu, nyumba kongwe za mawe, nyingi za karne ya 18, zilijengwa na bafu lake ndani. Bafuni humo kulikuwa na birika, yaani tangi dogo la kujengea, na mtu alichota maji kwa kata akajimwagia. Ndani ya birika waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Kuta zilipigwa plasta ya chokaa na kutengenezwa vidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Ni kweli waliojenga nyumba zile walikuwa na mali. Lakini vifaa walivyotumia vilitoka hapo hapo karibu: mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo, na miti ya mikoko. Wageni hutoka mbali kuja kuutazama urembo wao.

Na sisi je, tuna nini hapa karibu? Tuna mawe ya Tabaka. Huko Tabaka, Mugirango Kusini, mafundi huchonga mawe laini meupe, ya kijivu na ya waridi, na kazi yao inauzwa nchi nyingi. Wakati wa kuchonga, vipande vingi hubaki. Vipande hivyo vinafaa sana kwa kisahani cha sabuni, rafu ndogo, kizingiti cha dirisha, au mstari mmoja wa maua ukutani. Visiwekwe sakafuni, kwa sababu jiwe hilo hukwaruzika hata kwa ukucha, na likisuguliwa huteleza. Anayelikata alilowanishe maji kwanza na afunge kitambaa puani, maana vumbi lake si zuri kwa mapafu.

Tuna pia vigae vilivyovunjika. Kila mahali nyumba kubwa inapojengwa, na katika maduka ya vifaa kama yale ya Keroka, vipande hutupwa. Viombeni. Vivunjeni vidogo vidogo ndani ya gunia ili visiruke machoni, mvipange juu ya simiti mbichi ukutani. Vijana wa kikundi hupenda kazi hii. Waachieni wachague mfano wao wenyewe: jani la mgomba, kikapu, au mistari tu.

Kwa rangi ya sakafu, unga mwekundu wa kuchanganya na simiti huwekwa katika tabaka la juu wakati wa kumwaga. Rangi hiyo imo ndani ya simiti, haibanduki kama ya kupaka. Juu ya plasta, chokaa nyeupe iliyochanganywa na maji na chumvi kidogo huleta mwanga na hupunguza ukungu. Anayepaka alinde macho na mikono, chokaa huchoma. Kina mama waliozoea kusiliba nyumba kwa udongo na samadi wanajua tayari jinsi ya kulainisha ukuta kwa kiganja. Ujuzi huo ni wao, fundi awasikilize.

Mwisho, jengeni kidaka kimoja au viwili ukutani wakati wa kupiga plasta. Sabuni, mafuta na kijiko cha dawa ya meno vikae hapo badala ya sakafuni. Nje ya mlango pandeni maua kando ya njia na mpange mawe ya kukanyagia, ili miguu iliyooshwa isirudi na matope.

KIKUNDI KIFANYEJE

Kazi hii peke yako ni ngumu. Kwa kikundi ni nyepesi. Abagusii wana desturi ya egesangio, majirani kulimiana mashamba kwa zamu. Desturi hiyo hiyo inaweza kumwaga sakafu.

Chukueni mfano wa kikundi cha watu kumi na wawili. Bafu moja la kukarabati linahitaji karibu mifuko mitatu na nusu ya simiti, semeni minne. Badala ya mzunguko wa kupeana pesa mkononi, mwezi huu kikundi kinunue vifaa vya nyumba moja, na wote waje siku mbili za kazi: siku ya shimo na mawe, na siku ya zege. Mwenye nyumba atafute mwenyewe mawe, mchanga na chakula cha wafanyakazi. Mwisho wa mwaka nyumba kumi na mbili zina mabafu. Mwenye bonasi ya majani chai anaweza kuongeza gata au tangi lake, lakini sakafu ya kila mtu iwe ya kipimo kimoja.

Nani aanze? Tunashauri aanze mwenye mzee, mgonjwa au mlemavu nyumbani. Wengine wapige kura. Kununua vifaa waende watu wawili, risiti ziandikwe kitabuni na kusomwa mbele ya wote. Mashimo yachimbwe Januari na Februari, mvua ikiwa imepungua. Na fundi alipwe kazi ikimalizika sehemu kwa sehemu: shimo, sakafu, kuta.

Kama pesa hazitoshi kwa yote, fuateni mpango huu. Mara ya kwanza: shimo, paipu na sakafu. Mara ya pili: plasta, mlango na paipu ya kushikia. Mara ya tatu: gata na pipa, na urembo wote. Mtu aliyefika hatua ya kwanza tu tayari amemwondoa nyanya kwenye jiwe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO

1. Katika nyumba zetu, ni nani huogopa kwenda kuoga, na huogopa nini?

2. Maji ya bafu la kila mmoja wetu yanaishia wapi leo? Twende tukayafuate kwa miguu hadi mwisho wake.

3. Ni nyumba zipi zina chumba cha bafu kilichogeuka stoo? Kinakosa nini ili kirudie kazi yake?

4. Ni vifaa gani tunavyoweza kuvipata bila kununua?

5. Tukianza mwezi ujao, tutaanzia kwa nani?

Swali la tano lisiachwe hivi hivi. Kabla ya kufunga mkutano, jina la nyumba ya kwanza na tarehe ya kuchimba shimo viandikwe kitabuni.